Mzazi Aliye Hai: Hotuba Kuhusu Kurithi na Neno "protected"

Ndugu wanaprogramu, walimu wetu, na ninyi ambao ndio kwanza mnaandika klasi zenu za mwanzo, nawasalimu na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie neno moja tu. Neno lenyewe ni protected. Limo katika C++, Java, C#, PHP, Kotlin na lugha nyingine kadhaa, na karibu kila aliyekaa humu ndani ameshawahi kuliandika. Ninachowaomba leo ni tulitazame kwa utulivu, kwa sababu nimeona likiandikwa kwa haraka mara nyingi mno, na mimi ni mmoja wa walioliandika kwa haraka. Mtu ana data ndani ya klasi yake, yaani kile kiolezo cha msimbo kinachobeba data pamoja na kazi zinazofanywa juu yake. Akiiacha wazi kwa kila mtu anaogopa. Akiifanya ya faragha, klasi inayorithi, yaani iliyojengwa juu ya yake, haiioni na kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inalalamika. Basi anachukua neno la katikati, kompaila inanyamaza, kazi inaendelea. Uamuzi huo humchukua sekunde chache. Gharama yake huja baadaye, na mara nyingi humwangukia mtu mwingine kabisa.

Ili tuelewane, public nitaiita wazi, private nitaiita faragha, na protected, ambayo huonwa na klasi yenyewe pamoja na zinazoirithi, nitaiita ya kulindwa. Klasi inayorithiwa ni mzazi, inayorithi ni mtoto, kama tulivyozoea kusema.

Msingi nitaupitia upesi, maana wengi mnaujua. Wazo la klasi moja kujengwa juu ya nyingine lilitoka Norwe. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliliweka katika lugha ya Simula 67, mwaka 1967. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, David Parnas aliandika kwamba kila sehemu ya programu inapaswa kuficha ndani yake ule uamuzi unaoelekea kubadilika, ili ukibadilika, sehemu nyingine zisijue wala zisidhurike. Yawekeni mawazo hayo mawili kando kwa kando. La kwanza linasema: mruhusu mwingine aingie ndani ya kazi yako aiendeleze. La pili linasema: asiyehusika asione kilichomo. Yote mawili ni mazuri, na yote mawili tunayatumia kila siku, lakini yanavutana. Ulinzi tunaouzungumzia leo umekaa palepale yanapovutana, na ndiyo maana hauwezi kuwa jambo jepesi.

Sasa naomba tusimame kwenye neno letu wenyewe, kurithi. Kwa Kiswahili, mtu hurithi kwa aliyefariki. Ukisikia fulani amerithi nyumba, unajua mwenye nyumba hayupo. Mrithi akivunja ukuta, akihamisha mlango, hakuna wa kumuuliza, na yeye naye hana hofu kwamba usiku mmoja aliyemwachia nyumba atarudi kuhamisha nguzo. Urithi wa namna hiyo umekwisha kutulia.

Katika programu mzazi hafi. Klasi ya mzazi iko hai, ina mtu anayeitunza, na mtu huyo leo anarekebisha hitilafu, kesho anaongeza kasi, keshokutwa anabadilisha namna data inavyohifadhiwa. Mtoto anaishi ndani ya nyumba ambayo mzazi bado anaijenga. Kila ulipoandika protected umempa mtoto ruhusa ya kuegemea ukuta fulani, na siku utakayotaka kuubomoa ukuta huo utamkuta ameuegemea. Nimefundisha jambo hili kwa njia nyingi, na sijapata iliyo wazi zaidi ya hii: unamrithi mtu aliye hai, na yeye hajui uko wapi.

Niwasimulie lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyoandika programu ya kutoa taarifa za hesabu. Niliandika klasi ya mzazi nikaiita Ripoti. Ndani yake palikuwa na orodha ya mistari na namba iliyoshika jumla ya mistari hiyo. Methodi moja, yaani kazi iliyopewa jina ndani ya klasi, niliyoiita ongezaMstari, ilifanya mambo mawili kwa pamoja: iliutia mstari mwishoni mwa orodha, kisha ikaongeza thamani yake kwenye jumla. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya klasi ile, kwamba orodha na jumla haziachani. Lakini sheria hiyo ilikuwa kichwani mwangu tu. Kwenye msimbo, orodha na jumla zote nilizifanya za kulindwa, kwa sababu nilijua wenzangu watarithi na sikutaka kuwabana. Nilidhani ni ukarimu.

Watoto saba waliandikwa. Mmoja wao alihitaji kuweka mstari wa salio la kuanzia, na mstari huo ulipaswa kukaa juu kabisa. Methodi yangu iliweka mistari mwishoni tu. Mwenzangu akafanya ambacho ningefanya mimi kama ningekuwa yeye: akaichukua orodha moja kwa moja na kuuchomeka mstari mahali pa kwanza. Msimbo ulikuwa safi, kompaila haikusema neno. Jumla haikuongezwa. Kosa lilionekana kwenye ripoti ya aina moja tu, na hata hiyo pale tu ambapo salio la kuanzia halikuwa sifuri. Nilitafuta siku mbili nzima, na nilitafuta ndani ya klasi yangu, mstari kwa mstari, kwa sababu niliamini kwamba jumla ni mali ya klasi ile na haiwezi kuharibikia pengine. Haikuwa imeharibikia mle. Msimbo uliovunja sheria yangu ulikuwa kwenye faili ambayo sikuwahi kuifungua, umeandikwa na mtu ambaye sheria hiyo hakuambiwa.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Mwaka uliofuata data ziliongezeka, na nikataka kuacha kushika mistari yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, niisome kidogo kidogo kutoka kwenye hifadhidata. Badiliko zuri, la ndani kabisa, ambalo nje hakuna aliyepaswa kulihisi. Nilishindwa. Watoto watano kati ya saba walikuwa wanaizungukia ile orodha kwa vitanzi vyao wenyewe. Klasi niliyoiandika kwa mkono wangu haikuwa yangu tena, na hakuna aliyeninyang'anya. Niliigawa mwenyewe.

Baadaye nilikuja kusoma historia ya neno hili, na nikakuta kwamba watu wakubwa kuliko mimi walipita njia hiyohiyo. Bjarne Stroustrup, mtunzi wa C++, alianza kazi yake huko Bell Labs mwaka 1979, na toleo la kwanza la C++ lilitoka mwaka 1985 likiwa na ngazi mbili tu kwa vitendo: wazi na faragha. Muda mfupi baadaye Mark Linton alimwendea ofisini kwake kumsihi aongeze ngazi ya tatu. Linton alikuwa msanifu mkuu wa InterViews, maktaba ya msimbo wa kujenga madirisha na vitufe vya skrini iliyokuwa ikiandikwa Chuo Kikuu cha Stanford, na hoja zake zilitokana na kazi halisi: klasi zinazorithi zinahitaji kuifikia data ya mzazi kwa haraka, na bila ngazi ya tatu ingebidi iachwe wazi kwa kila mtu. Stroustrup alikubali, na ulinzi huo ukaingia katika toleo la 1.2. Kama miaka mitano ikapita. Linton yuleyule akapiga marufuku data za kulindwa ndani ya InterViews, kwa sababu zilikuwa zimegeuka chanzo cha hitilafu na zilifanya matunzo ya maktaba kuwa magumu sana. Stroustrup alilisimulia hilo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu usanifu wa C++, na akakiri kwamba hapo hoja nzuri na mtindo wa wakati vilishinda tahadhari yake.

Nawaomba mwangalie kwa makini alichokataza. Alikataza data za kulindwa. Methodi za kulindwa hakuzigusa. Nitarudi hapo, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo moyo wa hotuba hii.

Lakini kwanza tujiulize: ulinzi huu unamlinda nani, dhidi ya nani? Data ikiwa ya faragha, watu wanaoweza kuigusa wanahesabika. Wamo ndani ya klasi moja, mara nyingi ndani ya faili moja, na ukitaka kujua kama sheria fulani inafuatwa, unaisoma klasi hiyo mwanzo hadi mwisho na unapata jibu. Data ikiwa ya kulindwa, hesabu hiyo haina mwisho. Yeyote anayeandika mstari mmoja wa kurithi ameshaingia. Na akiisha kuingia, anaweza kuandika methodi iliyo wazi inayotoa nje kile mzazi alichokilinda, na kuanzia hapo dunia nzima inakiona kupitia kwake. Hodi hapigi, na hakuna anayemzuia.

Alan Snyder alilieleza hili mapema, mwaka 1986, alipoonyesha kwamba lugha ikimruhusu mtoto kugusa moja kwa moja data za mzazi, basi mzazi amepoteza uhuru wa kuzibadilisha jina, kuziondoa au kuzipa maana mpya bila kuwaumiza watoto. Watunzi wa Swift huko Apple walifika mbali zaidi. Mwaka 2014 walieleza kwa nini lugha yao haina kabisa ngazi hii: kwamba inachanganya mambo mawili tofauti, nani anaona na nani anarithi, na kwamba ulinzi wake si wa kweli, kwa kuwa mtoto anaweza kukitoa nje chochote alichopewa. Mimi sikubaliani nao hadi mwisho, na nitasema kwa nini, lakini hoja yao naiheshimu.

Sasa kuna kanuni moja ambayo huwashangaza wengi, na naomba muda wa kuikaa kidogo, kwa sababu ndani yake mna busara iliyofichika. Tazameni msimbo huu wa C++:

class Akaunti {
protected:
    long salio = 0;
};

class AkauntiYaAkiba : public Akaunti {
    void sawazisha(Akaunti& nyingine) {
        salio = 0;            // inakubaliwa
        nyingine.salio = 0;   // kompaila inakataa
    }
};

Wanafunzi wengi wakikutana na hili wanadhani kompaila imekosea. Salio ni la kulindwa, na mimi ni mtoto wa Akaunti, kwa nini nikataliwe? Jibu ni kwamba ile nyingine umeitaja kama Akaunti tu, na Akaunti hiyo inaweza kuwa chochote. Inaweza kuwa AkauntiYaMkopo, klasi iliyoandikwa na mtu mwingine, yenye sheria zake kuhusu salio, labda kwamba haliwezi kuwa sifuri mpaka deni lifungwe. Wewe ni ndugu yake. Kuwa na mzazi mmoja hakukupi haki ya kuingia chumbani kwa ndugu yako na kupanga vitu vyake. Ungeandika AkauntiYaAkiba& badala ya Akaunti&, kompaila ingekubali, kwa sababu hapo unagusa objekti ya klasi yako, yaani kitu halisi kilichoundwa kutokana nayo, ambayo sheria zake unazijua kwa kuwa ni wewe uliyeziandika.

Kumbe ruhusa ya kulindwa inasema hivi: mtoto anaruhusiwa kugusa ile sehemu ya mzazi iliyomo ndani yake yeye. Haisemi kwamba mtoto anaruhusiwa kugusa wazazi wote popote walipo. Ukiishika tofauti hiyo, nusu ya makosa ya kompaila yanayowatesa wanaoanza yanafutika.

C# inafuata kanuni hiyohiyo. Java nayo inayo, lakini na nyongeza ambayo lazima muijue: katika Java, kitu cha kulindwa kinaonekana pia na klasi zote zilizo katika kifurushi kimoja na mzazi, yaani kundi moja la klasi lenye jina lake, ziwe zinarithi au hazirithi. Kwa hiyo katika Java ngazi hii iko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mfano unaowafika wengi ni methodi ya clone ndani ya Object. Klasi zote za Java zinatokana na Object, na clone ni ya kulindwa. Mtu anajisemea, mimi narithi Object, basi nitaiita clone ya objekti yoyote. Anaandika, inakataliwa. Object iko katika kifurushi cha java.lang, yeye yuko katika kifurushi chake, na ile objekti ameitaja kama Object tu. Ni ile akaunti ya ndugu, katika vazi jingine.

Lugha nyingine nitazigusa kwa ufupi. Kotlin iliiondoa ile nyongeza ya kifurushi, na pia ikageuza mlango: klasi haiwezi kurithiwa mpaka mwandishi aseme waziwazi kwamba inaweza. Napenda sana uamuzi huo. Ruby inalitumia neno hilohilo kwa maana nyingine, kwamba methodi inaweza kuitwa na objekti nyingine ya ukoo huohuo, kwa hiyo mtu anayetoka Java asiende Ruby na mazoea yake. Python haina kizuizi cha kompaila. Ina desturi ya kuanzisha jina kwa mstari mmoja wa chini, kuwaambia wenzako hili ni la ndani. Ukiweka mistari miwili, Python inalichanganya jina hilo na jina la klasi ili la mzazi na la mtoto yasigongane. Wengi hudhani hiyo ni kufuli. Kazi yake ni kuzuia majina yasigongane, na ukijua namna inavyoyachanganya unaweza bado kuifikia data hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye tofauti kati ya data na methodi. Nitaonyesha kwa mifano miwili iliyo ndani ya maktaba ya Java yenyewe, mnayoweza kuifungua leo jioni mkaisoma.

Wa kwanza ni AbstractList, iliyokuja na Java 1.2 mwaka 1998. Ndani yake kuna namba inayoitwa modCount, inayohesabu ni mara ngapi umbo la orodha limebadilika. Anayeipitia orodha huilinganisha namba hiyo na aliyoianzia, na akikuta imebadilika anasimamisha kazi na kutoa hitilafu, badala ya kuendelea juu ya orodha iliyogeuzwa katikati ya safari. Namba hiyo ni data ya kulindwa. Kwa hiyo kila anayeandika orodha yake mwenyewe na anataka kinga hiyo, lazima akumbuke kuiongeza kila anapobadilisha umbo. Asipokumbuka, hakuna atakayemwambia. Na namba yenyewe imebaki pale hadi leo kwa jina lake lilelile, kwa sababu watoto wake wametapakaa duniani na hakuna anayejua ni wangapi.

Wa pili ni LinkedHashMap. Mle kuna methodi ya kulindwa iitwayo removeEldestEntry. Kila unapotia kitu kipya, mzazi huiita methodi hiyo kama anayeuliza: hiki cha zamani kuliko vyote, nikiondoe? Jibu la mzazi mwenyewe ni hapana siku zote. Mtoto anayetaka hifadhi ya muda isiyozidi vitu mia moja anaiandika upya kwa mstari mmoja: rudisha size() > 100. Basi. Hajagusa orodha ya ndani, hajui vitu vimeunganishwa vipi, hana sheria ya kukumbuka. Mzazi amebaki na kazi ya kuondoa, na amemwachia mtoto jambo ambalo mtoto ndiye anayelijua, yaani kiasi gani kinatosha. Mzazi akibadilisha kila kitu cha ndani kesho, swali lile linaweza kubaki vilevile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale walioiondoa ngazi hii kabisa. Swali kama hilo halipaswi kuwa wazi kwa kila mtu. Mtumiaji wa kawaida wa LinkedHashMap hana sababu ya kuliita. Wala haliwezi kuwa la faragha, kwa sababu mtoto ndiye anayelijibu. Ni mazungumzo kati ya mzazi na mtoto, na yanastahili mahali pake. Data ya kulindwa inamkabidhi mtoto vyombo vya mzazi bila maelezo. Methodi ya kulindwa, ikiandikwa vizuri, inamuuliza mtoto swali.

Nimesema ikiandikwa vizuri, kwa sababu kuna mtego mmoja ambao umewanasa watu makini. Mzazi anaiita methodi hiyo ndani ya konstrukta yake, yaani ile sehemu inayoiandaa objekti inapoundwa. Katika Java, konstrukta ya mzazi hutangulia, na methodi inayoitwa ni ile ya mtoto hata kama data za mtoto bado hazijapewa thamani zao. Mtoto anaulizwa swali kabla hajazaliwa sawasawa, anatafuta jina lake anakuta null, yaani hakuna kitu. C++ inafanya kinyume: wakati konstrukta ya mzazi inakwenda, objekti bado ni ya mzazi tu, kwa hiyo methodi inayoitwa ni ya mzazi, na mtoto anashangaa kwa nini yake haikuitwa. Njia zote mbili zina mantiki. Mimi naona dawa ni kutouliza swali hilo ndani ya konstrukta hata mara moja.

Kuna pia upande wa mtoto, ambao hotuba nyingi huusahau. Mtoto anapoandika upya methodi ya kulindwa, Java inamruhusu kuifanya wazi, lakini haimruhusu kuipunguza. Iliyo wazi kwa mzazi haiwezi kuwa ya kulindwa kwa mtoto. Sababu inatokana na jambo ambalo Barbara Liskov alilieleza mwaka 1987: popote panapotarajiwa mzazi, mtoto lazima aweze kusimama bila kuvunja matarajio ya aliyempokea. Msimbo uliomshika mtoto ukidhani ni mzazi utaiita methodi ile, na haiwezekani ukute mlango umefungwa.

Mwaka 2021, Java 17 ilileta rasmi klasi zilizofungwa, ambazo mzazi anataja kwa majina klasi zinazoruhusiwa kumrithi, na kila iliyotajwa lazima nayo iseme kama inaendelea kufunga au inafungua. Nililifurahia sana jambo hili. Ni kama wasia. Tatizo lote la Ripoti yangu lilitokana na kutowajua warithi, na hapa mwandishi anawajua. C# ilikaribia wazo hilo kwa njia nyingine mwaka 2017, ilipoongeza ngazi inayoitwa private protected, ambapo mtoto lazima awe pia ndani ya mkusanyiko uleule wa msimbo. Mahali ambapo watoto wote wako mikononi mwangu, ninaweza kuwasoma wote leo na kuwarekebisha wote kesho, sina ugomvi na data ya kulindwa. Ugomvi wangu ni pale mlango unapoachwa wazi kwa wasiojulikana, na aliyeuacha hana habari.

Mtaniuliza mimi nafanyaje siku hizi. Naanza na faragha kwa kila kitu, na naacha hivyo mpaka mtoto wa kweli, ambaye msimbo wake upo, aje kudai. Akija, simpi data. Namuuliza anataka kufanya nini. Mara nyingi inageuka kwamba anachotaka ni methodi moja ndogo ambayo mzazi angeiandika katika dakika kumi, na wakati mwingine inageuka kwamba hakuhitaji kurithi kabisa, angeweza kuishika objekti ya mzazi ndani yake na kuitumia kama mtumiaji mwingine yeyote. Kama baada ya hapo bado panahitajika kitu cha kulindwa, ninakiandikia maelezo kwa uangalifu uleule ninaoutumia kwa kilicho wazi: kinaitwa lini, mtoto anaruhusiwa kufanya nini ndani yake, na nini asiguse. Nikishindwa kuyaandika maelezo hayo kwa sentensi mbili tatu, najua bado sijakielewa mwenyewe, na sikitoi.

Ile Ripoti niliirekebisha mwishowe. Ilichukua wiki tatu, muda mwingi kuliko kuiandika mara ya kwanza. Orodha na jumla vikawa vya faragha. Niliwapitia watoto saba mmoja mmoja, nikakaa na kila aliyewaandika, nikamuuliza lile swali, ulikuwa unataka kufanya nini. Wawili waliacha kurithi. Waliobaki watano walihitaji kitu kimoja kilekile, njia ya kusema ni mistari gani itangulie kabla ya mingine kuanza. Basi nikaandika methodi moja ya kulindwa, mistariYaMwanzo, ambayo kwa mzazi inarudisha orodha tupu. Mzazi huiita mwenyewe, huichukua mistari hiyo na kuipitisha kwenye ongezaMstari kama mingine yote, na jumla inahesabiwa mahali pamoja. Mwenzangu wa salio la kuanzia alifuta mistari kumi na mmoja ya msimbo wake na kuandika mitatu. Mwezi uliofuata nilibadilisha usomaji wa data ukawa wa kidogo kidogo kutoka kwenye hifadhidata, na sikulazimika kumwambia mtu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nimeona mikono imeshaanza kuinuka. Tuanze na dada aliyeko pale mwisho.